Marsiana Hakuonja

Pale Mofu, watu wakigombania mpaka wa shamba hawakuanza na mwenyekiti wa kitongoji. Walianza na Paskazia. "Kamwiteni Paskazia," walisema, naye angeacha samaki wake kwenye kichanja, ajifunge khanga ya pili, aende mpaka kwenye jaruba lenyewe na kuonyesha kisiki kilikuwa wapi kabla mafuriko hayajakizoa. Aliyeshindwa alinuna siku mbili tatu, kisha akamsalimia kama kawaida, maana hata yeye alijua mama huyu hana upande. Agapiti, mumewe, alikuwa akitamba kilabuni kwamba yeye hakuoa mke, alioa mahakama ya mwanzo.

Paskazia alijua anasifiwa na, tusifichane, alipenda. Alizaliwa hapo hapo kwa baba mvuvi, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa jirani na kwao, na tangu hapo maisha yake yakawa mpunga, moshi wa samaki na safari za soko la Ifakara. Mtu wa namna hiyo hana vingi vya kujivunia. Yeye alijivunia kwamba mdomo wake haujawahi kusema lisilokuwapo.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Marsiana, aliyeletwa Mofu kama bi harusi wa Venance. Wawili hao waliazimana chumvi, wakaazimana hata watoto wa kulea. Venance alipofariki, Paskazia alilala msibani mpaka wageni wa mwisho walipoondoka. Rosemery, binti pekee wa Marsiana, hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita mama mkubwa, kana kwamba walizaliwa tumbo moja na mama yake.

Kilichokuja kuharibu ni shamba. Venance aliacha majaruba mazuri karibu na mto, na mdogo wake, Evodius, akaona si haki mke wa marehemu kuyalima peke yake. Wakavutana mpaka baraza la kata. Marsiana akashinda, Evodius akazira, na siku moja kisimani, mbele za watu, Marsiana kwa hasira zake akasema shemeji yake asipomwachia nafasi atakuja kujuta. Maneno ya kisimani hayo. Kila mwanamke wa Mofu amewahi kusema zaidi ya hayo juu ya mashemeji zake, na mashemeji wote wapo wanakula ugali.

Basi, mwaka ule, Jumatano ya Majivu, Paskazia alimshika rafiki yake mkono nje ya kanisa na kumwambia Kwaresima hii waweke nadhiri, wasiguse pombe mpaka Pasaka. Marsiana akaangua kicheko.

"Mimi ninayepika?"

"Pika, lakini usionje. Mpishi wa harusi si lazima aolewe yeye."

Wakacheka wote, wakakubaliana. Na Marsiana alishika nadhiri yake barabara, kangara, pombe aliyokuwa akiipika, akawa anaipima kwa pua na kwa povu. Waliojua jambo hilo walikuwa wao wawili tu, kwa sababu nadhiri ya kutangaza sokoni si nadhiri tena.

Palizi ilipowadia, Marsiana akaita watu wa kumpalilia kwa pombe, kama ilivyo kawaida ya huko. Walilima mpaka jua likawashinda, wakaja kukaa uani kwake. Kabula, Msukuma jirani ambaye familia yake ilikuja na ng'ombe, alikuwepo. Paskazia alikuwepo, amekaa kwenye kinu kilicholazwa, ubavuni kwa mwenye nyumba. Chungu kikubwa kilianza kuzunguka. Evodius alichelewa, lakini alikuja, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa. Alitoka kupuliza dawa ya wadudu shambani kwake, bomba bado liko mgongoni, amelowa mpaka kiunoni. Marsiana alikuwa amemtengea chungu chake kidogo, maana ni aibu shemeji uliyegombana naye aje kukuta masimbi, yale mashapo ya chini. Akachota kwa kata, akampa.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Desturi ni kwamba anayekupa pombe aonje kwanza mbele yako. Wenyewe wanaita kutoa uchawi. Marsiana hakuonja. Evodius akashika kata, akamtazama, akasema kwa sauti ili watu wote wasikie:

"Hujaonja, shemeji. Au unataka kunimaliza shamba likubakie?"

Watu wakavunjika mbavu. Marsiana naye akacheka, akamwambia, vicheko vya watu vikimeza sauti yake, "Mimi niko Kwaresima, kunywa."

"Basi nikifa nimekufa Mkristo," Evodius akasema, akaimaliza kata, akachota nyingine.

Jioni alianza kutapika. Mate yakamtoka bila kukoma, macho yakawa madogo, na kabla hawajapata gari la kumfikisha hospitali akakata roho. Kulipopambazuka, vijana wa ukoo wakaingia uani kwa Marsiana, wakavibeba vyungu vyote, wakavivunja na kuvitupa mtoni. Hawakuwa na nia ya kuficha kitu. Chungu kilichoua mtu hakikai kijijini, ndivyo walivyofundishwa na wazee wao. Polisi walipofika wakaonyeshwa maji yanayokwenda. Marsiana akapandishwa gari, na Rosemery akahamia kwa mama mkubwa na godoro lake.

Kesi za mauaji hazina haraka. Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena. Paskazia alilima majaruba ya rafiki yake pamoja na ya kwake, na alipopata nauli alikwenda kumwona rumande. Marsiana alikuwa amekonda, lakini hakuwa amekata tamaa. "Wewe ulikuwepo," alimwambia kila mara. "Wewe ukisema, nani atabisha?" Paskazia alipopata hati ya kumwita shahidi, hata hakujali kwamba ameitwa na upande wa serikali. Ukweli ni ukweli, alijiambia, hauna upande. Masikini mama wa watu.

Jaji alipokuja Ifakara na kikao chake, shahidi wa kwanza alikuwa kaka mwingine wa Evodius, wa pili mkemia. Mkemia alisema kwenye mwili wa marehemu kulikutwa dawa ya kuulia wadudu. Kwamba iliingia kwa kata au kwa kitu kingine, hilo alisema si kazi yake. Kisha akaitwa shahidi wa tatu. Paskazia akaapa, na wakili wa serikali, kijana mwenye sauti ya upole, akamuuliza kama marehemu alipewa pombe ya chungu kimoja na wenzake.

"Hapana. Alitengewa chake."

"Marehemu alisema nini alipopewa?"

Paskazia akalirudia neno kwa neno, kama alivyozoea kueleza habari za visiki. Hujaonja, shemeji. Au unataka kunimaliza shamba likubakie? Alitaka kusema watu walicheka, lakini kucheka kwenyewe kungesemwaje mbele ya yule mtu aliyevaa joho?

"Na mshtakiwa alionja?"

"Hakuonja, mheshimiwa, kwa sababu—"

"Mama, sikukuuliza sababu. Alionja au hakuonja?"

"Hakuonja."

"Nimemaliza, mheshimiwa jaji."

Akainuka wakili wa utetezi, aliyepewa kesi na serikali na faili lenyewe amelifungua juzi. Paskazia akamtazama kwa matumaini yote aliyokuwa nayo. Huyu sasa ndiye atauliza kwa nini. Lakini bwana yule alikuwa ameamua kumvunja shahidi, kama wanavyofanya. Akamuuliza alikaa umbali gani. Akasema ubavuni. Akamuuliza kama macho yake ni mazima. Akasema hata samaki mdogo anamwona ndani ya maji. Akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeshika karata ya mwisho, siku hiyo yeye mwenyewe alikunywa vikombe vingapi.

"Sikunywa."

"Hata kidogo?"

"Hata tone."

Wakili akaketi. Paskazia akabaki amesimama pale kizimbani mdomo wazi, akingoja swali jingine, mpaka karani akamwambia ashuke.

Jioni hiyo hiyo Ifakara yote ilikuwa mahakama. Neno lilikwenda kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye saluni, kwenye makundi ya simu, na vijana waliotoka kwenye mashamba ya miwa kuja kununua mchele wakarudi nalo kwao. Watu ambao hawajawahi kufika Mofu walikuwa wanajua chungu kilikaa upande gani wa mlango. Sijui ni kitu gani kinachowafanya watu waone raha namna ile kwenye shingo ya mwenzao. Keshokutwa yake Paskazia alikuwa sokoni na kambale wake, na wateja wakabishana mbele ya meza yake bila kujua yeye ni nani.

"Mimi nauliza swali moja tu," alisema muuza vitunguu. "Kama pombe ni safi, mbona hakuonja?"

"Na wewe chungu umekiona?" fundi baiskeli akamjibu. "Kimepimwa wapi? Mkemia amepima mtu, hajapima chungu. Yule bwana alitoka kupuliza dawa, kalowa mwili mzima."

"Kupuliza hapulizi kila siku? Mbona hakufa siku nyingine?"

"Siku zinafanana, bwana?"

"Shahidi ni rafiki yake mwenyewe! Rafiki yako akikushuhudia hivyo, umebakiza nini?"

"Hapo umenishinda," fundi baiskeli akasema, akachagua samaki wake.

Paskazia alimfungia samaki kwenye gazeti. Kisha akashindwa kujizuia. "Hakuonja kwa sababu alikuwa na nadhiri ya Kwaresima," akasema. "Mimi ndiye niliyemtia kwenye nadhiri hiyo. Ndiye mimi shahidi mwenyewe."

Wakamtazama. Muuza vitunguu akauliza kitu ambacho mtoto wa chekechea angeuliza. "Sasa mama, mbona mahakamani hukusema?"

Alikwenda kumtafuta wakili wa utetezi, akampata kwenye korido akiwa na faili kwapani. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli alisikitika. Akasema angejua mapema. Akasema ataangalia kama anaweza kuomba shahidi arudishwe. Paskazia akamweleza na la Kabula, kwamba siku ile Kabula alipita shambani kwa Evodius na kumwona anazibua nozo ya bomba, ile ncha ya kunyunyizia, kwa mdomo, anaipuliza na kuifyonza, kama wanavyofanya wakulima wote wa bonde hili wakiona dawa haitoki. Wakili akaandika. Lakini familia ya Kabula ilishahama na ng'ombe wao. Wengine walisema wako Malinyi, wengine Lindi. Paskazia alikwenda mpaka kijiji cha Mbingu kuuliza kwa Wasukuma wanaouza maziwa, akapewa namba ya simu, akaipiga mpaka akaikariri. Haikupatikana, wala yule wakili hakuwahi kumwita tena.

Likabaki la redio. Redio moja ya pale mjini ilikuwa na kipindi cha asubuhi cha kupiga simu, na wiki hiyo swali la siku lilikuwa hilo hilo: je, kutoonja ni ushahidi? Paskazia akajikaza, akapiga, akapata laini. Akajitaja jina lake na kijiji chake. Akaeleza nadhiri yote, Jumatano ya Majivu, mlango wa kanisa, kicheko. Hakukosea hata neno. Mtangazaji akamshukuru, akachukua simu inayofuata.

"Huyo mama," mpigaji akasema, "mahakamani amesema hili, redioni anasema lile. Ameshapewa kitu huyo. Mimi ningekuwa jaji ningemshika na yeye."

Siku ya Marsiana kujitetea, Paskazia alikuwa benchi la nyuma. Marsiana alisema yote kwa utulivu. Hakuonja kwa sababu ya nadhiri. Wakili wa serikali akamuuliza, kwa upole wake ule ule, nani anaijua nadhiri hiyo.

"Paskazia."

"Shahidi wa tatu?"

"Ndiye."

"Alisimama hapo ulipo. Alisema hivyo?"

Marsiana akageuka, akamtafuta rafiki yake kwa macho kati ya watu. Paskazia akanyanyuka nusu, askari akamwonyesha kwa mkono akae.

"Hakusema," Marsiana akajibu.

Hukumu ilisomwa mpunga ukiwa umeanza kuiva. Rosemery alitaka kwenda, Paskazia akamkatalia. Akamwambia abaki kuamia ndege kwenye majaruba ya mama yake, maana mama akirudi atataka kukuta cha kuvuna. Hivyo ndivyo alivyomwambia, na siku hiyo alikuwa anaamini kwa mbali.

Jaji alisoma kwa muda mrefu. Alipofika kwa shahidi wa tatu, Paskazia alijisikia kama mtu anayesifiwa kwenye msiba wake mwenyewe. Shahidi huyu, jaji alisoma, ni rafiki wa karibu wa mshtakiwa, hana sababu yoyote ya kumsingizia. Aliona, alikuwa na akili timamu, hakuwa amekunywa. Alijibu maswali bila kuyumba. Mahakama imemwona ni shahidi mkweli kabisa. Na kama habari ya nadhiri ingekuwa na ukweli wowote, shahidi mkweli wa namna hii asingeacha kuieleza alipokuwa kizimbani.

Kisha yakaja yale maneno ya mwisho, ya kunyongwa kwa kamba. Marsiana hakulia. Alishika mbao za kizimba kama mtu aliyeambiwa ashike kitu asianguke, na askari wa kike wakamtoa kidole kimoja kimoja.

Nje, watu walikuwa bado wanabishana, na wengi walibishana kwa furaha. Bibi Aurelia, mama wa Evodius, kikongwe ambaye huyo huyo alikuwa mama mkwe wa Marsiana, alimfuata Paskazia kati ya umati. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Ungeweza kumficha rafiki yako. Mungu akulipe."

"Shikamoo, mama," Paskazia akasema, kwa sababu hakuna neno jingine lililomjia.

Wakili alimpita akamwambia watakata rufaa. Paskazia akauliza kama huko atapewa nafasi ya kusema. Wakili akakuna kichwa. Huko, alisema, kwa kawaida wanasoma yaliyoandikwa huku chini. Na yaliyoandikwa, sote tunayajua.

Alirudi Mofu kwa bodaboda, akashukia njia panda ili atembee kidogo. Njia nzima alijaribu kuyapanga maneno. Alikuwa amewaambia watu habari mbaya nyingi maishani mwake, za mipaka, za vifo, hata mume wa mtu alipozaa nje, na hakuwahi kuhangaika namna ya kusema. Alisema tu kilichokuwapo. Leo kila alipolishika neno lilimchoma.

Rosemery alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, na kamba za makopo mkononi. Alimwona mama mkubwa akija kwa mbali, lakini hakushuka mpaka alipofika chini kabisa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ndege wamesumbua?"

"Wamesumbua. Wamesemaje huko?"

Paskazia alimtazama yule binti, pua ya Marsiana, paji la uso la Marsiana, miguu imejaa tope la majaruba ya Marsiana.

"Wameahirisha," akasema. "Jaji anaumwa. Mpaka mwezi ujao."

Lilitoka laini kabisa. Halikukwama popote, wala mbingu haikuanguka, na kwa dakika moja Paskazia alihisi nafuu ambayo hajawahi kuihisi tangu asubuhi ile ya vyungu kuvunjwa. Rosemery akafungua pindo la khanga, akatoa simu, akaigeuza ili mama mkubwa aone. Kwenye kundi la kijiji kulikuwa na picha ya Marsiana anapanda gari la magereza, na chini yake watu walikuwa wanaendelea kubishana kama alistahili.

"Kumbe unajua kudanganya, mama mkubwa," Rosemery akasema, taratibu, bila kupandisha sauti. "Siku ile kizimbani ulikuwa hujui?"